Ahadi ya Kusikiliza

Katika mambo yote ambayo wanadamu hutendeana, hakuna lililo zito kuliko kuzikana, kwa kuwa ndilo pekee ambalo mtendewa hawezi kulilipa wala kulishukuru. Na kwa sababu hiyo watu wa pwani na wa bara, Waislamu na Wakristo, na hata wale wasioshika dini yoyote ila mila za wazee wao, wamelihesabu tangu kale kuwa deni ambalo ugomvi wa jana hauliondoi. Majirani zetu Waislamu huliita faradhi kifaya: wachache wakilitimiza, wote husalimika, na wote wakiliacha, wote huwa wamekosa. Sisi Wakristo hatuna jina la kisheria la wajibu huo, lakini tunacho kitabu cha sala chenye ibada ya maziko, na sijapata kuona ndani yake mahali ambapo kasisi ameagizwa kumhukumu maiti mbele ya mama yake mzazi.

Hata hivyo jambo hilo lilitokea, na lilitokea katika nchi iliyo jirani nasi, nchi ambayo ukristo wake tumezoea kuutaja kwa taadhima. David Kato alikuwa mwalimu wa shule, Mganda, na mmoja wa watu wa kwanza nchini mwake kukiri hadharani kuwa yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Mwezi wa Oktoba mwaka 2010 gazeti moja dogo la Kampala lilichapa picha yake pamoja na wito kwamba watu wa namna yake wanyongwe. Yeye na wenzake wakalishitaki, na tarehe 3 Januari 2011 Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Siku 23 baadaye alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Aliyemuua alihukumiwa mwaka huo huo kifungo cha miaka 30.

Tarehe 28 Januari jeneza lilifikishwa kijijini kwao Nakawala. Mchungaji wa Kianglikana aliyepewa kuongoza ibada alishika kipaza sauti, na badala ya kuwafariji wafiwa akaanza kuwashutumu marafiki wa marehemu waliokuja kumzika, akiwataja watu wa Sodoma na Gomora na kuwaonya watubu. Marafiki hao, ambao wengi wao walivaa fulana zenye picha ya Kato kifuani, walimwendea wakampokonya kipaza sauti, ikazuka fujo, wanakijiji wakashika upande wa mchungaji, na ilipofika saa ya kumpeleka maiti kaburini wakakataa. Mchungaji naye akaondoka. Basi wale wale walioshutumiwa ndio waliomchukua mwenzao wakamzika, na aliyeongoza maziko alikuwa mzee wa miaka 79, Askofu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilikuwa limekwisha kumwondolea haki ya kuhudumu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema wahenga, na siku ile dhiki ilimpata mtu aliyekwisha kufa, ambaye hakuwa na kinywa cha kujitetea.

Habari za mzee huyu zafaa kujulikana zaidi kuliko zinavyojulikana kwetu. Alikuwa askofu wa dayosisi ya Buganda Magharibi tangu mwaka 1974 hata alipostaafu mwaka 1998, mtu wa elimu ya dini, aliyesoma Uganda na Marekani, na baada ya kustaafu akaifanya kazi ya kutoa ushauri kwa watu wenye shida za nafsi na za ndoa. Mwaka 2001 walimjia vijana waliotengwa na jamaa zao na kukatiwa tamaa na makanisa yao, wakamweleza hali yao. Naye akafanya jambo ambalo kwa mshauri ni la kawaida kabisa, yaani akawasikiliza mpaka mwisho. Alipoagizwa na wakubwa wake awageuze au awaache, alijibu kwamba hawezi kuwaambia kuwa Mungu hawapendi, maana haamini hivyo. Sitaki kuyapima hapa mashauri yote yaliyokuwa baina yake na maaskofu wenzake, kwa kuwa baadaye kanisa lilikuwa na madai mengine juu yake, likiwemo la kushiriki kumweka wakfu askofu wa kanisa lisilo na ushirika nalo. Ninaloliangalia ni lile la kwanza, lililokuwa chanzo cha yote: mzee wa kanisa alifungua mlango wa ofisi yake, akasikiliza, na kusikiliza kwake kukahesabiwa kuwa ni maasi.

Je, imani ya mtu inaweza kujeruhiwa na masikio yake? Hilo ndilo swali ninalotaka kulitafakari, na nasema mapema kuwa kwa maoni yangu imani inayoogopa kusikia haijawa imani bado; ni mazoea yaliyovikwa kanzu ya ibada. Wala sisemi hivi kwa kuyadharau mafundisho. Najua kanisa limefundisha kwa karne nyingi kwamba ndoa ni ya mume na mke, na najua kuwa wengi wa wasomaji wangu wanaliamini hilo kwa ikhlasi na kwa hoja za Maandiko. Lakini fundisho juu ya tendo ni jambo moja, na wajibu juu ya mtu ni jambo jingine, na huo wajibu juu ya mtu umeandikwa, tena umeandikwa na maaskofu wetu wenyewe.

Mwaka 1998, katika mji wa Canterbury, Uingereza, maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima walikutana katika mkutano wao unaofanywa takriban kila miaka kumi, uitwao Lambeth. Tarehe 5 Agosti walipitisha azimio lijulikanalo kwa namba 1.10, kwa kura 526 dhidi ya 70. Azimio hilo ndilo linalotajwa kila mara katika sinodi zetu suala hili linapozuka, na ni kweli kwamba ndani yake mkutano ulikataa vitendo vya mapenzi ya jinsia moja kuwa havipatani na Maandiko, ukakataa kubariki ndoa za namna hiyo, na ukakataa kuwapa daraja ya ukasisi walio katika ndoa hizo. Aliyeleta kifungu cha kusema kwamba vitendo hivyo havipatani na Maandiko alikuwa ndugu yetu, Askofu Mkuu Donald Mtetemela wa Tanzania, na kura ya wengi ikamwunga mkono. Kwa hiyo sisi wa Afrika ya Mashariki hatukuwa wageni katika mkutano ule. Sehemu ya azimio lile ni kazi ya mikono yetu.

Walakini azimio lina vifungu vingine, na hivyo sijapata kuvisikia vikisomwa kanisani hata mara moja. Linakiri kwamba wako miongoni mwetu, ndani ya kanisa, watu wanaojiona kuwa na mwelekeo wa kupenda jinsia yao, na kwamba wengi wao wanatafuta uangalizi wa kichungaji na neema ya Mungu katika maisha yao. Linawathibitishia kwamba Mungu anawapenda, na kwamba kila aliyebatizwa, anayeamini na aliye mwaminifu ni kiungo kamili cha mwili wa Kristo bila kujali mwelekeo wake. Linawaagiza waumini wote wawahudumie watu hao kwa upole, na walaani hofu isiyo na sababu dhidi yao. Na juu ya yote, maaskofu walijifunga kwa ahadi: kwamba watayasikiliza maisha ya watu hao kwa vinywa vya watu hao wenyewe.

Hebu tutazame jinsi kifungu kimoja kinavyoweza kukatwa katikati. Katika sentensi ile ile iliyo na maneno yaliyoletwa na Askofu Mkuu Mtetemela, mkutano uliwataka waumini walaani pia udhalimu wa kupigana ndani ya ndoa. Mwanamume anayempiga mkewe siku ya Jumamosi, na Jumapili akapita mbele kupokea Ushirika Mtakatifu, amelaaniwa na azimio lile lile kwa kura zile zile. Lakini sijui ni parokia ngapi zimewahi kumfungia meza mtu wa namna hiyo kwa kutaja Lambeth. Nusu ya azimio tumeichonga juu ya jiwe, na nusu nyingine tumeifunga kabatini. Anayedai kuishika mamlaka ya maaskofu hana budi kuishika yote, ama sivyo atakuwa ameshika matakwa yake mwenyewe na kuyapa jina la mamlaka.

Siku ile ile ya kura, nje ya ukumbi, askofu mmoja kutoka Nigeria alimkabili shemasi mmoja wa Uingereza aliyekuwa kiongozi wa chama cha Wakristo wapendao jinsia yao, akajaribu kumwekea mikono kichwani ili kumtoa pepo mbele ya waandishi wa habari. Picha zake zilienea duniani kote. Simshitaki askofu yule kwa unafiki. Nadhani aliamini kabisa kwamba anamtendea mwenzake hisani. Lakini ona jinsi alivyokosa jambo moja dogo ambalo Bwana wetu hakulikosa. Injili inasimulia kuwa hata kwa kipofu wa Yeriko, ambaye shida yake ilionekana na kila mwenye macho, Yesu kwanza aliuliza anataka kufanyiwa nini, akangoja jibu, ndipo akamponya. Kuuliza si ujinga, na kwa mponyaji kuuliza ni sehemu ya dawa.

Nafika sasa kwenye jambo zito, ambalo mtu akilipita kimya atakuwa hakuwatendea Waganda insafu. Kanisa la Uganda limezaliwa katika damu. Kati ya miaka ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwaua Wakristo 45, hasa vijana, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Sababu za mauaji yale zilikuwa nyingi, zikiwemo hofu ya Kabaka kwamba Wazungu wanakuja kuitwaa nchi na hasira yake kwamba watumishi wa jumba lake wamempata mfalme mwingine wa kumtii. Lakini masimulizi ya kanisa yanashikilia pia kwamba baadhi ya vijana wale walikataa kumridhisha Kabaka kwa miili yao. Ndiyo maana askofu wa Uganda anaposema juu ya suala hili husema kama mtoto wa mashahidi, na anayetoka mbali akamwambia kwamba hiyo ni chuki tu, hajui anazungumza na nani.

Lakini nawaomba ndugu zetu wa Uganda wautazame tena ushahidi huo waliourithi. Vijana wa Namugongo walikuwa watumishi wa ikulu mbele ya mtawala mwenye mamlaka ya kuua na kuhuisha, na walichokikataa kilikuwa ni dhuluma: mwenye nguvu kumtwaa mnyonge bila hiari yake, kisha kumwangamiza kwa kuwa amesema hapana. Kila anayefanya hivyo, awe anamtaka mvulana au msichana, awe kabaka au mwalimu au padri, mashahidi wanamshitaki hata leo. Sioni, hata hivyo, jinsi ushahidi wao unavyoweza kutumiwa dhidi ya watu wawili wazima ambao hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Na zaidi ya hapo, naogopa nikikumbuka kwamba katika kisa cha Namugongo waliosimama upande wa sheria ya nchi na upande wa moto walikuwa ni wale wengi, na waliosimama peke yao walikuwa ni wale wachache waliosema wanachokiamini.

Watu husema pia kwamba jambo hili ni la kigeni. Na liulizwe vizuri basi, ni lipi lililo geni. Kato alizaliwa Buganda na wazazi wa Kiganda. Sheria iliyomfanya kuwa mhalifu, ile inayotaja kujamiiana kinyume cha maumbile, iliandikwa na Waingereza, wakaipeleka India mwaka 1860 na baadaye wakaieneza katika makoloni yao mengi, nasi tukairithi pamoja na majengo ya bomani: Kenya hata leo ina kifungo cha miaka 14, na Tanzania bara na Uganda zina kifungo kinachoweza kufika maisha. Na katika mwezi wa Machi mwaka 2009, kabla ya mswada mkali wa Uganda kupelekwa bungeni, wahubiri kutoka Marekani walikuja Kampala kufanya semina ya kuwaonya watu juu ya wapenzi wa jinsia moja. Mgeni ana haki ya kuja na ana haki ya kusema. Lakini haifai kumwita mtoto wa nyumbani mgeni kwa kutumia maneno aliyoyaleta mgeni.

Tena wale walioiandika sheria hiyo waliifuta kwao, na katika kuifuta kanisa lilikuwa na mkono wake. Tume iliyoongozwa na John Wolfenden ilitoa taarifa mwaka 1957 ikishauri kwamba mambo ya faragha baina ya wanaume wazima walioridhiana yasiwe jinai. Na mswada wake ulipojadiliwa katika Baraza la Malodi mwaka 1965, Askofu Mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey, aliuunga mkono. Ramsey hakuwa mtu wa kulegeza mafundisho. Aliendelea kushika kuwa matendo hayo ni dhambi, lakini alitambua kwamba dhambi na jinai havikukaa katika nyumba moja, na kwamba zipo dhambi nyingi, uzinzi ukiwa mmoja wapo, ambazo tangu zamani zimeachiwa dhamiri, toba na kasisi, bila askari kuingia chumbani. Sheria ilibadilishwa mwaka 1967. Wakati huo Tanganyika ilikuwa huru kwa takriban miaka sita, Uganda kwa mitano na Kenya kwa minne, na pingu tulizoachiwa tulikuwa tumekwisha kuziita zetu.

Maneno kama ya Ramsey yamerudiwa karibu nasi. Mwezi wa Februari 2023, wakitoka Juba kwa ndege moja baada ya safari yao ya amani Sudan ya Kusini, Papa Francis, Askofu Mkuu Justin Welby na Iain Greenshields, kiongozi wa Kanisa la Scotland, wote watatu walisema kwamba kuwafanya watu hawa wahalifu ni kosa. Hakuna hata mmoja wao aliyekana mafundisho ya kanisa lake. Miezi michache baadaye Uganda ilipitisha sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na kanisa la Anglikana la nchi hiyo likaishukuru serikali, ingawa lilisema lingependelea kifungo cha maisha kuliko kifo. Nimesoma shukrani hiyo mara nyingi na kila mara moyo wangu unaniuma. Kanisa linaloitangaza siku ya Ijumaa Kuu, siku ambayo Mtu asiye na hatia aliuawa kwa sheria na kwa makelele ya umati, lilipaswa kuwa la mwisho kuzihesabu neema za gereza.

Iko hatari nyingine katika sheria za namna hii, ambayo kila kasisi angeiona mara moja kama angesimama kidogo afikiri. Mswada wa Uganda wa mwaka 2009 ulimtaka kila mwenye mamlaka anayejua habari za mtu wa namna hii aende kumshitaki kabla ya saa 24 kupita, ama yeye mwenyewe atozwe faini au afungwe. Fikiri maana yake kwa aliyevaa stola shingoni na kuketi kuungamisha. Mvulana wa miaka 19 anapiga magoti, sauti inamtetemeka, anasema neno ambalo hajapata kumwambia mtu yeyote chini ya mbingu. Na kasisi, badala ya kufikiria rehema ya Mungu, anaanza kuhesabu saa. Siri ya maungamo ni amana ambayo makasisi wamefia kuilinda katika nchi nyingi. Mswada ule haukupita kama ulivyoandikwa, na sharti la kuripoti lililoingia katika sheria ya mwaka 2023 lilifutwa na Mahakama ya Katiba mwezi wa Aprili 2024. Majaji ndio waliolifuta. Ingekuwa heri kama maaskofu wangetangulia kulikataa.

Na tusidhani kuwa ugumu huu ni wa Afrika peke yake. Mpho Tutu, binti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika ya Kusini, alikuwa kasisi. Alipofunga ndoa na mwanamke ilimbidi arudishe leseni yake ya kuhudumu, na mwaka 2022 alipotakiwa na familia moja huko Uingereza aongoze maziko ya baba yake wa ubatizo, dayosisi ilimkataza asisimame kanisani. Familia ikalihamishia tukio katika hema bustanini. Upande wa Wakatoliki, Roma ilipotoa mwezi wa Desemba 2023 ruhusa ya kuwabariki wenzi wa jinsia moja nje ya ibada, maaskofu wa Afrika, kwa sauti ya Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walisema mwezi uliofuata kwamba baraka hiyo haitatolewa katika makanisa yao. Ila wakasisitiza kwamba uangalizi wa kichungaji ni wa watu wote. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyangojea yawe na mikono na miguu.

Maandiko yanasemaje juu ya kusikiliza? Wazee wa baraza la Wayahudi walipokuwa wamekwisha kukata shauri juu ya Yesu kabla hajasimama mbele yao, mmoja wao, Nikodemo, aliuliza kama torati yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua atendalo. Hakupewa jibu; alitukanwa kuwa naye pia ametoka Galilaya, jinsi ambavyo leo anayeuliza swali hilo huambiwa kuwa naye pia ni mmoja wao. Petro naye, aliyekuwa hajapata kula kitu najisi tangu azaliwe, aliingia katika nyumba ya Kornelio kule Kaisaria akiwa na mafundisho yote ya baba zake kichwani. Akakuta kwamba Roho Mtakatifu ametangulia kufika. Na mkutano wa Yerusalemu ulipokutana kuamua juu ya mataifa, kitabu cha Matendo kinaeleza kwamba baada ya Petro kunena kusanyiko lote lilinyamaza, likawasikiliza Barnaba na Paulo wakisimulia waliyoyaona. Uamuzi ulikuja baada ya masimulizi. Mtu anaweza kusema kwamba habari za vyakula na tohara si sawa na habari za ndoa, na mimi nakubali kuwa si sawa; lakini ninachokitaja ni mwenendo wa mkutano, na mwenendo huo sisi hatujaufuata.

Najua ni nini kinachotuzuia. Anayesikiliza kwa moyo safi hujiweka katika uwezekano wa kubadilika, na viongozi wetu wanaogopa kwamba wakianza kusikiliza watafika mahali wasipopataka. Yawezekana. Yawezekana pia wasikilize kwa miaka kumi na wabaki na fundisho lile lile, ila wakiwa wameacha ukatili. Siwezi kuwaahidi mwisho, wala Petro hakuahidiwa alipoanza safari kutoka Yafa kwenda kwa Kornelio. Ninachokijua ni kwamba kanisa linalodai kuwa na kweli halina sababu ya kukimbia ushahidi wa wanawe, kwa kuwa kweli haiharibiwi na ushahidi.

Hasara ya kutosikiliza imekwisha kuonekana, na iliyo kubwa zaidi haisemwi. Kijana akimwendea mzee wa kanisa na kumwambia kwamba moyo wake hauelekei kwa wanawake, mara nyingi hupewa shauri moja: afunge, asali, kisha aoe upesi, hali hiyo itaondoka. Harusi inafanywa, vigelegele vinapigwa, mahari inatolewa, na bibi arusi anaingia katika nyumba ambamo atakesha miaka akijiuliza ana kasoro gani hata mumewe hamtazami. Wakwe wanauliza habari za watoto. Yeye anajilaumu, anakonda, anakwenda kwa waombezi. Hakuna aliyemwuliza huyo binti kama anakubali kufanywa dawa ya ugonjwa ambao hakuambiwa. Kasisi anayetoa shauri hilo amewadhulumu watu wawili kwa neno moja, na sakramenti ya ndoa ameitia uongo. Laiti angenyamaza tu akasikiliza, angekuwa ametenda wema mkubwa zaidi.

Nawageukia basi maaskofu, makasisi na wajumbe wa sinodi zetu, nikiwaomba kama mwana wa nyumba awaombavyo wazee wake. Liwekeni azimio la mwaka 1998 mezani, mlisome lote kutoka mwanzo hata mwisho mbele ya wajumbe, na mfasirieni kila mshiriki vifungu vyote kwa Kiswahili ili asitegemee nusu anayosimuliwa. Kisha kila dayosisi iteue makasisi wachache, wanaume na wanawake walio wazee wa busara na wenye kutunza siri, ambao waumini wapendao jinsia yao na wazazi wao wanaweza kuwaendea wakaeleza habari zao bila hofu ya kutangazwa madhabahuni wala kupelekwa polisi. Nao makasisi hao walete kwa sinodi, bila kutaja jina la mtu, yale waliyoyasikia. Kazi hiyo haihitaji fedha za Wazungu wala ruhusa ya serikali, na haimtaki askofu yeyote abadilishe fundisho lake kabla ya kuianza. Ilihitaji ahadi, na ahadi ilikwisha kutolewa.